Vipande Vinane vya Mama Shuka

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, miguu miwili imechomoza uvunguni mwa lori la kijani lililochakaa. Imevaa raba za kiume zilizokatwa visigino, na wa kulia unapigapiga ardhi polepole, kama wa mtu anayesubiri chai ichemke.

"Shemeji, nipe kumi na saba," inatoka sauti ya kike huko chini.

Mwanamume mwenye mabega mapana anainama na kupenyeza spana. Anaitwa Jeki. Jina hilo alipewa zamani, kabla gereji hii haijanunua jeki ya maana, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiinua kila kitu.

"Hii ni kumi na tisa. Macho umeyaacha wapi?"

"Yamebaki kitandani, shemeji. Yanamalizia usingizi."

"Basi kayaamshe. Boliti hii ikilika kichwa, utakuja kuing'oa kwa meno."

Mwenye sauti ni mama wa miaka hamsini na minne, mfupi, mwembamba, na viganja vyake utadhani kaviazima kwa mtu mwingine mkubwa zaidi. Kwa miaka ishirini na saba amekuwa akishusha na kupandisha giaboksi za malori. Barabara nzima ya magereji inamjua kwa jina la Mama Shuka, na wageni hulielewa vibaya jina hilo.

"Juzi kaja bibi mmoja anataka shuka la sita kwa sita, lenye maua," anasimulia akijiburuta kutoka uvunguni, nywele zimefungwa kwa kilemba kilichowahi kuwa cheupe. "Nikamwambia, ninalo mama, tena la maua. Ila limechanwa vipande vinane na linanuka oili ya gia. Akaniangalia juu mpaka chini, akaenda zake bila kuaga."

Shuka lenyewe lipo kweli. Limo kwenye ndoo ya bati chini ya meza ya kazi, na bila hilo Mama Shuka hagusi lori la mtu.

Lori la leo lina umri mkubwa kuliko mafundi wengi wa barabara hii. Ni foo wili ya kizamani, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, na mwenyewe ni mzee wa miaka sitini na mmoja anayebeba maziwa ya wafugaji arobaini na watatu kutoka mashamba ya mlimani. Watu humwita Mzee Mtindi, tangu siku lori lilipomzimikia njiani jua la utosi na maziwa yote yakaganda kwenye makopo. Jina halipendi, lakini huitikia.

"Siku ya tatu leo," anasema, amesimama pembeni akizungusha funguo kidoleni. "Wale watu kule juu wanakamua na kumwaga. Wengine wanawapa mbwa. Mbwa wamenenepa, wenye ng'ombe wamekonda."

Klachi ya lori lake imekwisha na beringi yake inalia. Kubadilisha klachi yenyewe si kazi kubwa. Kazi ni kuifikia. Imejificha kati ya injini na giaboksi, na giaboksi hiyo pamoja na transfa yake, ile sehemu inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, ina uzito wa kilo mia moja na themanini. Mama Shuka ana kilo hamsini na nane, akiwa na spana mfukoni.

"Watu wananiuliza nguvu natoa wapi," anasema. "Nguvu anayo shemeji yangu huyu. Mimi nina ubishi tu."

Anaanza kwa kutoa waya wa betri. Kisha anapanda ndani na kung'oa mikono miwili ya gia, ule mrefu wa kawaida na ule mfupi wa foo wili. Linabaki tundu la ukubwa wa kikombe juu ya giaboksi. Hapo ndipo anapoutumbukiza mkono kwenye ndoo, anatoa kitambaa cha maua mekundu na kukisokomeza kwenye tundu lile ili mchanga usiingie.

"Cha kwanza, mkono wa gia!" anatangaza.

"Cha kwanza, mkono wa gia!" anaitikia Jeki kwa sauti ya askari wa gwaride.

Oili inamwagwa kwenye beseni, naye anachovya kidole na kukisugua taratibu, akitafuta chembe za chuma. Hakuna. Propela shafti mbili, ya mbele na ya nyuma, yale mabomba marefu yanayopeleka nguvu kwenye magurudumu, anazipiga alama za chaki kabla ya kuzifungua, ili zirudi vilevile zilivyokuwa. Kila mdomo unaofunguka unapata kitambaa chake na tangazo lake: cha pili na cha tatu kwenye transfa, cha nne kwenye paipu ya klachi. Cha tano ni cha kufutia mikono, cha sita cha kufutia vyuma. Cha saba na cha nane vinangoja injini na giaboksi ziachane.

Boliti za juu hazionekani kabisa. Anazifungua kwa kupapasa, spana imeungwa na bomba refu, macho yake yakitazama ukuta. Mtu asiyejua angedhani anawaza mambo mengine.

Saa nne na nusu giaboksi inarudi nyuma sentimita moja, halafu tano, halafu shafti yake inachomoka kwenye klachi, na mzigo wote unabaki juu ya jeki na mnyororo. Utani wote unakatika. Jeki ameshika mnyororo, mama ameshika mpini wa jeki, na kilo mia moja na themanini zinashuka kidogo kidogo mpaka zinalala juu ya tairi kuukuu.

"Haya," anasema, anajipangusa jasho kwa kiwiko. "Sasa mnaweza kucheka."

Hesabu ya vitambaa haikuanza kwa sababu ya usafi. Ilianza kwa sababu ya mguu wa mumewe.

Mumewe yuko upande wa pili wa ua, chini ya bati, anashona viti vya magari kwa cherehani kubwa. Ana miaka hamsini na tisa na wanamwita Fundi Viti. Mguu wake wa kushoto haukunjiki. Umenyooshwa pembeni ya kiti kama kitu alichokiweka hapo kwa muda. Cherehani anaikanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, na kwa mwendo wake huwezi kugundua kama kuna kilichopungua.

Miaka ishirini na miwili iliyopita alikuwa dereva wa lori la mchanga. Mkewe, aliyekuwa na miaka mitano tu kazini, alilibadilisha klachi lori hilo kwa mikono yake. Siku hiyo upepo ulikuwa unavuma, akasokomeza kitambaa kwenye mdomo mpana wa giaboksi kuzuia vumbi. Akaenda kula. Aliporudi, akafunga boliti zote kwa umakini mkubwa, akamkabidhi mumewe funguo.

Lori lilitembea siku kumi na moja bila kasoro. Siku ya kumi na mbili, kwenye mteremko, likiwa limejaa mchanga, kitambaa kilidondoka na kujisokota kwenye klachi. Dereva alikanyaga apunguze gia, na gia haikurudi tena. Lori likawa linashuka lenyewe. Breki zikachoka. Akaona watu mbele, akalielekeza kwenye ukingo wa udongo.

Mguu ulivunjika sehemu tatu. Hakuna mwingine aliyeumia.

"Wenzangu walisema ni breki," anasema Mama Shuka. Hanyanyui uso, anasugua beringi mpya ambayo haina uchafu wowote. "Mimi nikasema fungueni giaboksi. Wakasema ya nini. Nikaifungua mwenyewe. Nikakikuta. Kilikuwa kimeungua, lakini nilikijua, maana kilikuwa mkono wa fulana yangu ya njano."

Alimweleza mumewe siku hiyohiyo, hospitalini, akiwa amekishika kile kitambaa mkononi. Mumewe alikitazama, akamuuliza kama amekula.

"Hilo tu. Miaka ishirini na miwili hajaniambia neno la kuniumiza. Angenitukana, nadhani ningepona mapema."

Usiku huo alirudi kwenye nyumba tupu, akavua shuka la kitanda chao, akalichana vipande vinane. Tangu hapo hajatumia kitambaa kingine chochote kazini. Shuka lazima liwe la maua makubwa, kwa sababu maua yanapokatwa, kila kipande kinakubali kukaa mahali pamoja tu. Kazi ikiisha, kabla injini haijawashwa, vipande hutandazwa chini na kuunganishwa mpaka shuka lirudi kuwa shuka. Kukionekana pengo, lori haliwashwi. Hili la sasa ni la kumi na tisa.

Mumewe ndiye huyachagua sokoni. Naye ana utaratibu wake, ambao hakumwomba mtu ruhusa kuuanzisha. Kila lori mkewe analolifunga giaboksi, yeye hupanda naye kwenye safari ya kwanza ya kulijaribu, kwenye mteremko mrefu nyuma ya kiwanda cha matofali. Mara ya kwanza alipanda akiwa na magongo mawili. Mpaka sasa amepanda malori mia nne na kitu.

"Mke wangu ni fundi," anasema Fundi Viti, uzi ukiwa mdomoni. "Kwa nini nisipande?"

Kwa hiyo kila Mama Shuka anapokaza boliti ya mwisho, anajua nani atakaa kiti cha kushoto kwake kwenda chini ya mteremko ule. Wateja wengi hawalijui hilo. Wanaona mama anayechelewesha magari ya watu kwa ajili ya matambara.

Kesho yake, Alhamisi, kazi inaanza vizuri. Klachi mpya imefungwa, imewekwa katikati kwa kutumia shafti kuukuu ambayo mama huitunza kama ufunguo wa nyumba. Giaboksi inapandishwa. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu: shafti ikigoma kuingia, hukaza boliti kwa nguvu ili ziivute, na chuma hupasuka.

"Usiivute, shemeji. Ikaribishe," anasema. Anaingiza gia, anazungusha kitako cha giaboksi kwa kiganja, robo mzunguko, robo nyingine. Kitu ndani kinasema *tak*, na giaboksi inasogea mbele na kukaa.

"Karibu ndani," anaiambia.

Kufikia saa sita kasorobo kila kitu kimefungwa, oili imejazwa, mikono ya gia imerudi. Mzee Mtindi amekwisha kupiga simu mlimani kuwaambia wafugaji wasimwage maziwa ya jioni; anakuja. Mama Shuka anatoa vitambaa kwenye ndoo na kuanza kuvitandaza juu ya boksi la karatasi lililokunjuliwa. Ua jekundu linapata nusu yake. Majani yanakutana. Kimoja, viwili, vitano, saba.

Kona ya chini upande wa kulia ni karatasi tupu.

Anavihesabu tena kwa kuvigusa. Anainua ndoo, anaipindua. Jeki anajipapasa mifukoni, anaangalia chini ya beseni, chini ya tairi, ndani ya lori, mpaka ndani ya kofia yake.

"Cha nane," anasema Jeki, na safari hii hatangazi, ananong'ona. "Cha nane kilikuwa kwenye mdomo wa giaboksi."

"Nilikitoa asubuhi," anasema mama.

"Ulikitoa. Nilikuona."

"Uliniona nikikitoa, au uliniona nikisema nimekitoa?"

Kati ya mambo mawili hayo, kwa kweli, Jeki hana uhakika.

Fundi Viti angeulizwa, lakini hayupo. Ameondoka saa tatu na nusu kupeleka viti vya basi upande wa pili wa mji, na simu yake, kama kawaida yake, inalia juu ya meza ya cherehani.

"Mama, sikiliza," anasema Mzee Mtindi, ameshika tama. "Kitambaa kimepeperushwa na upepo. Nipe gari langu. Likiharibika ni juu yangu, nakuandikia na karatasi hapa mbele ya mashahidi."

"Hapana, baba."

"Kuna lita mia nane zinanisubiri!"

"Najua. Na kuna kona tisa za kushuka nazo."

"Wewe umesema umekitoa!"

"Nimesema. Sijui." Anamnyooshea mkono. "Naomba funguo."

"Funguo za gari langu mwenyewe?"

"Za kwako, baba. Nitakurudishia. Na kazi hii ya kufungua tena hulipii, malipo ni yaleyale. Lakini naomba funguo."

Mafundi wa magereji ya jirani wamekwisha kusogea, mmoja na mkate mkononi. Mzee Mtindi anawatazama akitafuta wa kumuunga mkono. Hapati. Anazitoa funguo kidoleni, na mama anazitia mfukoni mwa ovaroli na kufunga kifungo.

Ndipo anapolala tena chali kwenye udongo, mgongo ukiwa umekwisha kumwambia kwamba kwa leo imetosha, na kufungua boliti alizozikaza saa moja iliyopita. Hapigi moyo konde kwa maneno. Anaomba kumi na saba, na safari hii Jeki anampa kumi na saba.

Oili inamwagwa tena, ikiwa safi bado. Propela shafti zinashuka. Mikono ya gia inatoka. Hakuna matangazo sasa, kwa kuwa hakuna anayetaka kusikia idadi. Boliti za juu zinafunguliwa kwa kupapasa. Mtu mmoja wa gereji ya jirani anaweka mkate wake juu ya ukuta, anakuja kushika upande wa pili wa mnyororo bila kuombwa.

Saa nane na dakika arobaini giaboksi inalala juu ya tairi kwa mara ya pili. Mama Shuka anapiga magoti na kuwasha kurunzi. Anamulika mdomo wa giaboksi, nyuma ya beringi, chini ya mkono unaoisukuma. Anaingiza kidole. Anahamia upande wa injini, anamulika klachi pande zote, anazungusha injini kwa mkono, anamulika tena.

Hamna kitu.

"Hakimo," anasema, na anakaa chini palepale.

"Nilikwambia ni upepo," anasema Mzee Mtindi, lakini sauti yake haina ushindi.

Watu wote wamesimama hivyo wakati Fundi Viti anapoingia getini akichechemea, mkoba begani, amefurahi kwamba viti vya basi vimekubalika. Anaona lori, anaona giaboksi iko chini. Anamuona mkewe amekaa kwenye udongo, mbele yake shuka lenye pengo kwenye kona.

Anasimama. Polepole anapeleka mkono kwenye mfuko wa shati, na anatoa kitambaa cha maua mekundu kilichokunjwa mara nne.

"Kilikuwa kinatoa nyuzi," anasema. "Asubuhi nilipita, nikakikuta juu ya meza, pindo lote limefumuka. Nikasema uzi ule utaingia kwenye klachi. Nikakichukua nikakipiga cherehani. Kisha wale wa basi wakaniita, nikakitia mfukoni..." Anakitazama kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza. "Nikasahau."

Hata yule wa mkate haondoki. Jeki, anayezijua hasira za shemeji yake, anarudi nyuma hatua moja na kujificha nyuma ya tairi la mbele. Kwenye gereji hii kuna sheria moja tu, na kila mtu anaijua: shuka haliguswi bila kusema.

Mama Shuka anakipokea kitambaa. Anakigeuza. Pindo limeshonwa vizuri, mshono mdogomdogo, mara mbili.

"Umesahau kitambaa," anasema.

"Nimesahau kitambaa."

"Saa tatu nzima nimelala chini ya gari, mzee. Mgongo huu unauona?"

"Nauona." Anajishika mguu wa kushoto, anauegemeza vizuri, na uso wake unaanza kukunjamana kwa kicheko anachojaribu kukizuia. "Basi, fundi. Sasa tuko sare."

Halafu Mama Shuka anacheka. Anacheka mpaka anaegemea giaboksi, mpaka kilemba kinamvuka, na katikati ya kicheko kile machozi yanaanza kumtoka, na hajisumbui kuyafuta. Mumewe anashuka chini kando yake kwa taabu, mguu umenyooshwa mbele, na wanakaa hapo wote wawili kwenye udongo wenye oili mchana kweupe.

"Hatuko sare," anasema mama hatimaye. "Mgongo utapona kesho."

"Mimi nilipona siku ile uliponiletea kile kitambaa mkononi," anasema mumewe. "Ungeweza kukitupa. Nani angejua?"

Hakuwahi kumwambia hivyo. Mama Shuka anasema alikuwa akilisubiri neno baya kwa miaka ishirini na miwili, na hakujua kwamba kulikuwa na zuri limekaa hapo hapo muda wote.

Giaboksi inapandishwa kwa mara ya pili, na safari hii mikono ni mingi. Fundi Viti anatangaza vitambaa. Mzee Mtindi mwenyewe amevua koti na kulala uvunguni kushika taa, akilalamika juu ya oili inayomdondokea shingoni. *Tak*, inasema shafti, na watu wanapiga makofi.

Saa kumi na moja na robo jioni vipande vinane vinalala kwenye boksi la karatasi, shuka zima, kona yake ya chini ikiwa imenyooka kuliko nyingine zote. Mama Shuka anafungua kifungo cha mfuko na kutoa funguo.

Mzee Mtindi hazipokei mara moja.

"Ile karatasi niliyosema nikuandikie," anasema. "Nilijua moyoni nisingeweza kuiandika. Kwenye ile gari huwa nambeba binti yangu anayepima maziwa." Anakohoa. "Ahsante, mama. Jaribuni kwanza nyinyi. Mimi nitangoja hapa."

Na ndivyo inavyokuwa. Mama Shuka anakaa kwenye usukani. Fundi Viti anapanda upande wa pili: kwanza mkono, halafu mguu wa kulia, halafu mkewe anavuka kiti na kuunyanyua ule wa kushoto kwa mikono miwili, bila hata kukatiza mazungumzo. Lori linawaka, linaingia gia kwa ulaini, linatoka getini. Wanarudi baada ya dakika kumi na nane, wakibishana kama breki ya nyuma kulia inavuta au haivuti.

Lita mia nane zilifika bondeni jioni ile. Mzee Mtindi alipiga simu kusema maziwa ni maziwa, si mtindi.

Kuna gari moja pale gereji ambalo halina mteja. Liko nyuma, limefunikwa turubai: pikapu ndogo ya foo wili, haina giaboksi, haina rangi. Mama Shuka aliinunua chuma chakavu miaka miwili iliyopita, na anaifanyia kazi Jumapili. Pembeni mwa mahali pa mkono wa gia amechomelea mkono mwingine mfupi, wenye mpini wa mbao aliouchonga mwenyewe. Ni klachi, ya kubanwa kwa mkono, ili isihitaji mguu wa kushoto.

Michoro yake ipo kwenye maboksi ya karatasi yaliyobandikwa ukutani, mitano, minne ikiwa imefutwa kwa alama ya msalaba. Huu wa tano anauamini. Kinachobaki ni kupandisha giaboksi, na anasema kabla ya mwaka kwisha itakuwa imepanda.

"Amepanda malori yangu yote kama abiria," anasema, akilirudisha turubai. "Nataka hili moja aendeshe yeye. Mimi nikae pembeni, nitazame dirishani, nisikanyage kitu chochote."

Fundi Viti, kutoka kwenye cherehani yake, anasema viti vya pikapu hiyo alivimaliza mwaka jana. Anayemchelewesha ni fundi. Kisha anainama, anavuta mfuko chini ya meza na kuufungua kidogo. Ndani kuna shuka jipya, la dukani, halijatolewa hata kwenye nailoni yake, la maua makubwa ya njano: la ishirini, linangoja siku ya pikapu.